Herufi Moja Katika Karatasi ya Carmel

Placide aliamini karatasi kuliko alivyoyaamini macho yake. Usimcheke. Mtu aliyelinda geti la maduka ya Randburg kwa miaka, akiandika daftarini jina la kila dereva, namba ya kila gari na saa ya kuingia, mwishowe huona kwamba lisiloandikwa halijatokea. Siku moja mwenye maduka mwenyewe alifika bila kitambulisho. Placide akamsogezea daftari na kalamu, kwa adabu zote, na yule bwana akajiandikisha. Walinzi wenzake walimtania wiki nzima, naye hakuelewa walichokuwa wakikichekea.

Basi fikiria jinsi alivyokerwa kuishi na karatasi yenye kosa ndani ya nyumba yake mwenyewe, ghorofa ya nne kule Doornfontein, Johannesburg, na kosa lenyewe likiwa juu ya mtoto wake wa pekee.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2008 Placide na mkewe Marthe walifika Johannesburg kutoka Bukavu, wakiwa na Carmel wa miaka miwili na ushei. Walipanga foleni siku mbili mbele ya ofisi ya wakimbizi, katika baridi ya Juni ambayo hakuna aliyekuwa amewaonya juu yake. Mama mmoja wa Burundi alimwona mtoto anatetemeka, akamvua binti yake sweta moja kati ya mbili alizovaa, sweta ya waridi yenye vifungo vya maua, akamvika Carmel. Walipofika dirishani karani aliona sweta, akasikia jina, akaandika herufi F, yaani mwanamke, akagonga muhuri. Placide, ambaye hakuwa amelala usiku mbili, aliipokea karatasi akaibusu. Kuisoma aliisoma jioni, ameketi kitandani, na hapo ndipo alipogundua kwamba mwanawe wa kiume kwa serikali ni msichana.

Wakongomani waliomtangulia walimshauri anyamaze. Ukirudi dirishani kulalamika, walisema, wanaweza kuichukua hata hiyo uliyo nayo. Meza mate, shukuru Mungu, ukae. Lakini Placide hakuumbwa kumeza mate. Kila baada ya miezi sita, walipokwenda kuongeza muda wa karatasi zao, aliweka kidole juu ya ile herufi na kueleza. Akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Akakiagiza Bukavu, kikafika baada ya mwaka, kikiwa cha Kifaransa. Akaambiwa kitafsiriwe. Kikatafsiriwa, na mtafsiri akaonekana hana muhuri unaotakiwa. Haraka haraka haina baraka, nakubali, ila polepole ya ofisi ile nayo sikuiona baraka yake.

Mwaka 2015 Carmel alikuwa anakaribia miaka kumi. Jumapili moja, wametoka kanisani, Marthe akipiga pasi nguo za wateja, mtoto alisimama kando ya meza akamwambia mama yake kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa akiitumia kwa mambo mazito, kwamba yeye ni msichana, amekuwa msichana siku zote, na amechoka kujifanya. Marthe aliinua pasi asiunguze nguo ya watu. Kisha akamgeukia mumewe na kumtafsiria neno kwa neno, ingawa Placide alikuwa ameelewa tangu mwanzo.

Placide hakufoka. Aliinuka, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa karatasi.

"Ni hii," akasema. "Ni hii karatasi njo iliharibisha mutoto. Miaka saba inamuita mwanamuke, mwisho ameitika."

Mimi nilipoambiwa habari hii nilitaka kucheka, nikaona haichekeshi. Mtu huyu alikuwa na mantiki yake. Mchungaji Damien, aliyekuwa na kanisa katika ukumbi wa kupangisha kule Marshalltown, alimuunga mkono: kilichoandikwa juu ya mtu humfuata mtu, kwa hiyo kifutwe. Placide akafunga siku tatu, halafu akaanza kuifuata ile herufi kwa ari mpya. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba siku karani atakapoandika M, mtoto wake atarudi.

Wakati yeye akizungukia madirisha, Marthe alimpeleka mtoto kliniki. Mwanasaikolojia alizungumza na Carmel miezi kadhaa, akaandika barua, na mwalimu mkuu wa shule yao akaisoma barua ile mara mbili akasema atajitahidi. Januari 2016 Carmel alianza kwenda shule na gauni la sare, ambalo Marthe alilishona mwenyewe kwenye cherehani yake, mishono midogo midogo, tena akaweka pindo refu la kufumuliwa mtoto akikua. Placide alianza kutoka kwenda kazini saa kumi na moja alfajiri, saa nzima kabla ya wakati wake wa kawaida, asije akamkuta amelivaa. Alikuwa anampenda mtoto wake na alikuwa anamkimbia. Hilo ni la aibu, na siku hizi yeye mwenyewe hulisema.

Mambo yaliendelea hivyo hadi Septemba 2017. Siku hiyo walikuwa dirishani tena, baba na mtoto, kwa kuwa kila mwenye karatasi lazima afike mwenyewe. Karani alikuwa mpya, msichana mwenye sauti ya upole. Alikisoma cheti cha Bukavu, akaisoma tafsiri, akauangalia muhuri, kisha akasema jambo ambalo Placide alilisubiri miaka tisa.

"Baba, ulikuwa sahihi. Kosa ni letu. Nalirekebisha sasa hivi."

Akachukua kalamu. Halafu akainua macho amwone huyo mwenye karatasi, na kalamu ikabaki hewani. "Ni huyu?" akauliza.

Placide akageuka. Carmel alikuwa amesuka mikia miwili, amevaa sare yake, kwa sababu kutoka hapo alikuwa anapitia shule. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili na kufumba macho, kama mtoto anayesubiri sindano. Kwa karibu miaka miwili Placide hakuwa amemtazama mtoto huyu usoni kwa zaidi ya dakika. Sasa alimtazama, akaona amerefuka, akaona ana hofu, na polepole, kwa uchungu ambao hakuutarajia, akaona kwamba anayeogopwa ni yeye.

"Iache," akamwambia karani. "Iache vile iko."

"Faili linasema miaka tisa unatusumbua kwa jambo hili, Baba."

"Najua. Aksanti. Iache tu."

Muhuri ukagongwa. Walipofika kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, wakisubiri magari yapite, Carmel alisema, "Papa, aksanti," kwa Kiswahili chake cha kuazima. Placide akamjibu, "Tembea, robot imefunguka," akatangulia kuvuka.

Usidhani aligeuka malaika siku ile. Alichofanya ni kuacha kwenda kwenye maombi ya Mchungaji Damien ya kufuta herufi, na kuanza kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu badala ya saa kumi na moja. Baada ya mwezi ikawa saa kumi na mbili kasoro. Siku moja alimkuta Carmel anakunywa chai, amevaa gauni, akamwambia kola imekunjika. Marthe alikimbilia bafuni akafungulia maji ili asisikike akilia.

Sasa, Carmel alikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko chakula, nacho ni netiboli. Alijiunga na timu ya shule mwaka uleule alioanza kuvaa gauni. Hakuwa mrefu, wala hakuwa na nguvu za ajabu, lakini alikuwa na jicho la kuona mwenzake yuko wapi kabla mwenzake mwenyewe hajajua. Mwaka 2018, akiwa darasa la mwisho la shule ya msingi, alivaa kizibao cha senta, mchezaji wa katikati, na Agosti timu yao ikaingia fainali ya ligi ya watoto wasiozidi miaka kumi na mitatu.

Wiki ya fainali barua ikaja. Mzazi wa shule watakayocheza nayo amelalamika kwamba senta wa timu hii alianza darasa la kwanza akiwa mvulana. Ligi inataka wachezaji wote, timu zote mbili, walete karatasi zao Alhamisi alasiri, mbele ya kamati na wazazi.

Marthe alipoisoma barua aliketi. Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho Placide hakuwa amekisikia tangu Bukavu.

"Papa Carmel, karatasi iko. Karatasi iko na F. Mungu aliona mbali. Tunaipeleka, tunanyamaza, tunarudi kwetu."

Carmel alirukaruka sebuleni hadi jirani wa chini akagonga dari. Placide alitabasamu pamoja nao. Ila usiku hakulala vizuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua, kuliko mtu yeyote Afrika Kusini, kwamba herufi ile ilikuwa kosa la karani na sweta.

Alhamisi waliwahi. Ukumbi wa shule ulikuwa bado umefungwa, na kwenye korido alikuwapo mama mmoja tu, amejifunga mtandio wa kijani, mfuko mkubwa wa vitambaa umeegemea miguu yake. Alisikia Placide na Marthe wakiongea akageuka kwa furaha.

"Kumbe Waswahili wenzangu. Hamjambo?"

"Hatujambo, Maman. Wewe ni mutu wa wapi?"

"Tanga. Naitwa Ummi. Nauza vitambaa pale Marshalltown, kama unashona dada yangu njoo, nitakupunguzia." Akaketi vizuri. "Mimi nimekuja kwa ajili ya binti yangu Mayasa. Ni senta. Nimemfundisha mwenyewe, maana mie nilicheza tangu shule ya msingi, mpaka nikaitwa timu ya mkoa. Na nyinyi je, wa kwenu yupi?"

Marthe akaelekeza kidevu mwisho wa korido. Carmel alikuwa anatoka msalani, akiwajia huku anakausha mikono kwenye gauni. Ummi alimwangalia mtoto, akawaangalia wazazi, na furaha ikamtoka usoni. Si kwamba alikunja uso. Aliinamisha macho akaanza kupangapanga vitambaa vyake ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Kikao kiliongozwa na Bi Moodley, mwalimu mstaafu aliyekuwa akifunga miwani yake kwa uzi. Alisoma karatasi moja baada ya nyingine kwa sauti. Alipofika kwa Carmel aliinyanyua, akaigeuza, akairudisha mezani.

"F," akasema. "Imegongwa muhuri mara ishirini. Basi, Bi Ummi. Umeitikisa ligi nzima, umemchafua mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa uvumi. Kamati inakutaka umwombe radhi hapa hapa. Na hutaingia viwanjani mpaka msimu uishe."

Ummi alisimama. "Sikusema kwa ubaya," akaanza, Kiingereza chake kikimkwama. "Mwanangu alisoma naye darasa la kwanza. Mwanangu si mwongo."

"Karatasi ndiyo hii."

Mama wa watu akaitazama karatasi, akamtazama Placide. Hakumwomba kitu. Alikuwa anamtazama tu kama mtu anavyomtazama shahidi pekee aliyekuwepo. Placide akaangalia viatu vyake. Marthe alikuwa amemshika mkono chini ya meza, akiubana, na maana ya kubana ilikuwa moja: nyamaza. Fainali ilikuwa keshokutwa. Mtoto wao alikuwa ameshaingia. Kilichobaki kilikuwa kukaa kimya dakika mbili.

"Samahani," Ummi akasema. "Kama nimekosea..."

Hapo Carmel alimvuta baba yake mkono wa koti.

"Papa," akanong'ona. "Mama ya Mayasa hadanganyi."

"Najua."

"Mayasa alikuwa rafiki yangu. Darasa la kwanza, kabla hajahama shule."

"Nikisema, unaweza kukosa fainali."

Mtoto alifikiri. Machozi yalikuwa yanamlenga, alikuwa anaipenda fainali ile jamani. "Najua, Papa," akasema. "Sema."

Placide akasimama. Alieleza yote, kwa Kiingereza cha getini, kilichonyooka na kisicho na mapambo: sweta ya waridi, karani, miaka tisa ya kufuata herufi, siku ya kalamu. Akasema huyu mama hakudanganya, Carmel alizaliwa na mwili wa kiume, karatasi ilikosea. Kisha akasema, na hapa sauti yake ilishuka, kwamba karatasi ilikosea lakini mtoto hakukosea. Mtoto amesema yeye ni nani, daktari ameandika, shule imekubali, na yeye baba amechelewa tu kukubali. Akaweka barua ya kliniki juu ya meza, akakaa. Marthe alikuwa ameuachia mkono wake.

Ukumbi ulivuma. Baba mmoja alisema huu ni udanganyifu na timu itolewe. Mwingine akasema hawa ni watoto, wacheze, kombe lenyewe ni la bati. Mwalimu Refilwe, kocha wa Carmel, alisema kati ya wachezaji wake saba wanne wanampita Carmel kwa urefu, na wawili wanamshinda mbio, aje yeyote na saa apime.

Ummi alikuwa bado amesimama. Bi Moodley alimwomba radhi, akamfutia adhabu, akamuuliza kama ana la kuongeza.

"Ninalo," akasema Ummi. Safari hii alizungumza Kiswahili, akimtazama Placide, na Carmel ndiye aliyetakiwa kutafsiri, maana hakukuwa na mwingine. "Baba Carmel, Mungu akulipe kwa ulichofanya. Lakini nikueleze kinachoniuma. Kwetu wavulana walikuwa na mpira, na riadha, na baiskeli, na uwanja mzima. Sisi tulipewa netiboli na kipande cha udongo nyuma ya vyoo. Hicho ndicho kilichokuwa chetu. Nikisikia aliyezaliwa mvulana anaingia na huko, roho inanishtuka. Leo wanalingana, nakubali, nimeona mwenyewe. Baada ya miaka miwili je? Binti yangu akija kupigwa kikumbo na mtu mwenye mabega ya mwanamume, nitamwambia nini?"

Carmel alitafsiri yote, hata mabega ya mwanamume, sauti yake ikififia lakini haikukatika. Mwalimu Refilwe alikiri kwamba ya miaka miwili ijayo hayajui.

"Maman Mayasa," Placide akajibu, "hauogopi bure. Mimi mwenyewe niliogopa, tena mimi ni baba yake. Mwili ukibadilika, tutakaa tena na wadaktari, na kama watasema haiko sawa kwa wengine, nitakuwa wa kwanza kumueleza. Lakini hiyo ni kesho. Nakuomba leo."

Kamati ilijifungia nusu saa. Bi Moodley alirudi na kusema kwamba sheria za ligi zina ukurasa mmoja na hazikumfikiria Carmel. Mtoto atacheza msimu huu. Mwakani zitaandikwa sheria mpya, na wataitwa madaktari na wazazi wa pande zote. Ila hakuna shule itakayolazimishwa: timu isiyotaka kucheza dhidi yake isije Jumamosi, na haitaadhibiwa. Ikitokea hivyo, kombe halitatolewa.

Kwa maneno mengine, Carmel aliruhusiwa kucheza fainali ambayo huenda isiwepo.

Marthe hakumsemesha mumewe Alhamisi yote, wala Ijumaa. Alipika, akapakua, akaweka sahani mezani kwa kishindo. Usiku wa Ijumaa alimwambia jambo moja tu: "Ilikuwa mukononi mwetu, Papa Carmel." Kusema kweli ni kuzuri, lakini aliyelipia hakuwa yeye. Alikuwa mtoto, ambaye usiku ule aliosha viatu vyake vyeupe kwa dawa ya meno, akaviweka dirishani vikauke.

Jumamosi saa tatu asubuhi timu ya Carmel ilikuwa uwanjani, imejipanga. Mwamuzi aliangalia saa yake, akasema atasubiri hadi saa tatu na robo, kama sheria inavyotaka. Wasichana saba walirushiana mpira, kila mmoja akijifanya haangalii barabara. Placide, kwa mazoea, alikuwa amesimama langoni. Saa tatu na dakika tano hakuna mtu. Kocha Refilwe akawaambia watoto wanywe maji. Carmel hakunywa. Alishika wavu wa uzio kwa vidole, akasimama hivyo, na Placide alijua kwamba kama hawatakuja, picha hiyo ndiyo atakayozeeka nayo.

Saa tatu na dakika nane gari la shule likakata kona. Wakashuka wasichana, Placide akiwahesabu kwa midomo. Sita. Kapteni wao, msichana mnene mwenye meno yenye waya, alikwenda moja kwa moja kwa mwamuzi.

"Tuko pungufu mmoja," akasema. "Tunacheza hivyo hivyo."

Marthe akaanza kulia pale pale alipokaa. Na kabla hajamaliza, kutoka upande wa kituo cha teksi wakatokea wawili, mmoja anakimbia kwa hatua za miguu mirefu, mwingine anamfuata akihema, mtandio wa kijani umemwangukia mabegani. Mayasa alipita langoni bila kusimama, akivaa kizibao njiani. Alipomfikia Carmel alisimama, wakatazamana.

"Leo hunipiti," Mayasa akasema.

"Tutaona," Carmel akasema, na wote wawili wakacheka kwa woga.

Placide alitoka langoni akaketi kwenye benchi, na Ummi akajitupa karibu naye, akauweka mfuko wake wa vitambaa kati yao. Alivuta pumzi mara tatu ndipo akaweza kuongea.

"Nilimkatalia tangu juzi. Gari la shule likamwacha. Asubuhi hii ananiambia, Mama, yule baba alisimama wakati wewe unafukuzwa, na sisi tunakaa nyumbani? Tukatoka mbio." Akajifunga mtandio upya. "Fikra zangu hazijabadilika, Baba Carmel. Mwakani kwenye mkutano nitasema yaleyale."

"Sema, Maman. Mimi pia nitakuwako."

Filimbi ikalia. Carmel na Mayasa walikuwa katikati ya uwanja, pua kwa pua. Mpira ukatoka, ukaenda, ukarudi, ukamfikia Carmel mikononi, naye akasimama wima kama amepigiliwa. Placide alinyanyuka nusu.

"Ju ya nini anasimama? Iko nafasi kule. Akimbie nayo."

Ummi alimgeukia taratibu. "Haruhusiwi kukimbia na mpira. Ndiyo netiboli yenyewe hiyo." Akamtazama vizuri zaidi. "Mtoto anacheza msimu wa tatu huu. Hujui?"

"Sijakuya hata siku moja," Placide akasema.

Lilikuwa jibu ambalo mtu mwingine angelitumia vibaya, na Ummi alikuwa na kila sababu. Yeye akaondoa mfuko wake wa vitambaa kwenye benchi.

"Sogea huku, hapo jua linakupiga machoni. Sikiliza. Akishika ana sekunde tatu, zikiisha mpira si wake. Lazima ampe mwenzake. Yule wangu anamzuia, umbali wa futi tatu, mkono juu. Ona, ona anavyomzuia. Mpira huu huuchezi peke yako hata ungekuwa nani."

Mpira ukamrudia Carmel. Aliinua kichwa kutafuta wa kumpa, macho yake yakapita juu ya wenzake, yakapita benchi, yakarudi benchi. Akamwona baba yake ameketi, si langoni, si kazini Randburg, ameketi pale. Akasahau kurusha. Sekunde tatu zikaisha, filimbi ikalia, Mayasa akapewa mpira.

"Amekuona wewe," Ummi akasema.

Placide aliinua mkono. Carmel alicheka hadi meno yote yakaonekana, akapiga mapaja yake makofi, akamkimbilia Mayasa kumkaba. Machozi yalimtoka Placide, mengi, ya miaka, na hakujua ayaweke wapi mbele za watu. Ummi alichomoa kipande cha kitambaa kutoka kwenye mfuko wake wa biashara, akakitia mkononi mwake bila kuondoa macho uwanjani.

"Futa, Baba Carmel. Utakosa kuona."

Akafuta, akatazama.